Funguo za Kadi

Habari kwamba watu wanataka mke wake apewe funguo zilimkuta Baba Pacha ameshika pasi, akinyoosha sare za shule za watoto. Simu ilitetema mezani. Akaitupia jicho, akasoma mstari wa kwanza, akasahau alichokuwa akifanya mpaka kola ya sare ilipoanza kunuka.

"Unaunguza," mkewe alimwambia kutoka jikoni, bila kugeuka. Alikuwa akikata vitunguu huku machozi yakimtoka.

"Sijaunguza."

"Basi ni pua yangu."

Ujumbe ulitoka kwenye jukwaa la Kadi. Kadi ilikuwa programu ya zahanati: muuguzi anaandika jina la mtoto na siku aliyozaliwa, nayo inamwambia mtoto arudi lini kwa chanjo ipi, kisha inamtumia mama yake ujumbe wa kumkumbusha. Baba Pacha ndiye aliyeiandika, akijiibia saa za jioni baada ya kutoka kwenye kazi yake ya kutunza kompyuta za kiwanda cha uchapaji. Aliitoa huria. Aliyetaka aliitumia bure, aliyetaka alifungua akasoma jinsi ilivyoundwa, na aliyeweza aliirekebisha. Watu wasiofahamiana hata kwa sura walikutana jukwaani kuulizana na kuelekezana. Ila marekebisho yao yaliingia kwenye Kadi yenyewe pale tu mwenye funguo alipoyakubali, na mwenye funguo alikuwa yeye peke yake. Jukwaani walimwita Msingi. Jina hilo alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Sasa walikuwa wameandika: "Tunapendekeza Mwalimu naye apewe funguo. Msingi, tunasubiri neno lako." Chini yake pongezi zilikuwa zimeshaanza kumiminika, kana kwamba neno lake ni kitu cha kupitia tu njiani. Kijana mmoja aliyejiita Kinyonga alikuwa ameandika: "Bila Mwalimu ningeshakata tamaa siku nyingi. Mengi ninayoyajua kuhusu Kadi nimeyapata kwake."

Mwalimu ndiye huyo aliyekuwa akikata vitunguu. Alikuwa mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari, na jukwaani aliingia kwa sababu mdogo wake, muuguzi, alilalamika kwamba maelekezo ya Kadi hayaeleweki hata ukiyasoma umesimama kichwa chini. Akayaandika upya. Akaanza kuwajibu wageni. Akajifunza kuusoma msimbo wenyewe, maandishi yanayoiendesha Kadi, kipande kwa kipande, na kila alichokielewa akakiandika ili anayekuja nyuma yake asihangaike. Baba Pacha mwanzoni alifurahi, kama mtu anavyofurahi mkewe akimsaidia kufagia karakana. Hakutegemea kwamba wateja wangeanza kumwulizia anayefagia.

"Umeona waliyoandika?" alimwuliza.

"Nimeona." Mkewe alijifuta macho kwa kiwiko. "Sikuwatuma."

"Sijasema umewatuma."

"Nakwambia tu."

"Nitaangalia," akasema, akaigeuza sare upande wa pili ili alama ya kuungua isionekane.

Hakuangalia. Siku zikapita, na watu jukwaani wakawa wanamkumbusha kwa adabu iliyomkera kuliko matusi.

*

Mkewe naye wala hakulisema tena. Alikuwa na kazi nyingine mkononi: sura mpya ya maelekezo, inayoeleza hesabu ya tarehe. Hicho kilikuwa kipande kimoja cha Kadi ambacho hakuna aliyekiweza. Baba Pacha alikiandika zamani, kwa mafumbo yake mwenyewe, bila hata mstari mmoja wa maelezo, na kila aliyekigusa alijikuta anakwama na kumwita. Kuitwa kule kulimkaa vizuri moyoni.

Mwalimu alieleza alichokielewa, na palipomshinda aliacha nafasi, akaandika: "Hapa sijaelewa. Anayejua atueleze." Akaituma ikubaliwe.

Baba Pacha aliisoma akiwa ameketi sebuleni, mkewe akiwa upande wa pili wa kochi hilohilo, anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Kila alipofika kwenye nafasi iliyoachwa alihisi kitu kama mkono wa mtu ukipapasa mfuko wake. Na kule kwingine, kusikoachwa nafasi, mkewe alikuwa amepatia. Hilo lilimchoma zaidi. Akaandika, mbele ya jukwaa zima: "Maelezo haya hayajafikia kiwango. Yasitumike." Akatuma.

Simu ya mkewe ikatetema. Akaichukua, akasoma, akairudisha kwenye kochi polepole, kioo kikiwa kimeelekea chini.

"Hayajafikia kiwango wapi?"

"Ukitulia utaona."

"Nimetulia. Niko hapa, na wewe uko hapa. Niambie kwa mdomo."

"Mambo ya jukwaani tuyaache jukwaani, Mama Pacha."

"Sawa," akasema. Akachukua kalamu nyekundu, akaendelea kusahihisha.

Mmoja wa pacha, wa kike, alinyanyua kichwa kutoka sakafuni alikokuwa akichora. "Mama amekosea nini?"

"Baba yako bado hajaniambia," mama yake alimjibu.

*

Wiki iliyofuata, adhuhuri ya siku ya mapumziko, shemeji yake, yule muuguzi, aliingia bila kubisha hodi, bado amevaa sare ya kazini. Hakuvua hata viatu. Alijitupa kwenye kiti cha karibu na dirisha, akakataa maji, kisha akayaomba.

"Shemeji, hiyo Kadi yenu imeingiliwa na nini?"

"Imefanyaje?"

"Inawaita watoto kabla ya siku zao. Mama anapata ujumbe, anaacha shughuli zake, anakuja. Mimi nikihesabu wiki, naona mtoto hajafika. Namrudisha. Kesho Kadi inamwita tena, na bado hajafika. Wengine ndiyo kabisa, Kadi inasema siku zao zimepita, imewaondoa kwenye orodha na haiwaiti tena. Na surua imeshaingia mtaa wa pili, mnasikia?" Akayanywa maji yote kwa mkupuo. "Leo kuna mama amekuja kwa miguu, mtoto mgongoni, jua lote lile. Nikamwambia arudi. Akanitupia kadi ya karatasi usoni. Akasema, 'Mkishajua mnachotaka mtaniita.' Wenzake wakampigia makofi. Mimi nikaenda stoo kulia."

"Mdogo wangu," Mama Pacha akasema, akamwekea mkono begani.

"Imeanza lini?" Baba Pacha akauliza.

"Tangu mlipotuletea toleo jipya."

Toleo jipya lilikuwa la kwake. Aliingia chumba cha kompyuta, akafungua hesabu ya tarehe, na hakuhitaji kutafuta. Kasoro ilimtazama usoni. Zamani, tarehe ya mtoto ikiangukia siku ambayo zahanati haitoi chanjo, Kadi iliisogeza nyuma hadi siku ya chanjo iliyotangulia, mara moja tu, basi. Katika toleo jipya aliruhusu kila zahanati ichague siku zake, na bila kukusudia akaifanya hesabu irudiwe kila kadi inapofunguliwa, ikianzia pale ilipoishia. Kila muuguzi alipofungua kadi ya mtoto, tarehe ilirudi nyuma tena. Muuguzi makini, anayefungua kadi mara kwa mara kuhakikisha, ndiye aliyeharibikiwa zaidi.

Ilikuwa kazi ndogo kuirekebisha. Mikono yake ilikwisha kwenda kwenye vibonye. Kisha akasikia sauti za dada wawili sebuleni, na wazo likamjia, akaliacha likae: mkewe ataingia sasa hivi. Atasimama mlangoni, atasema, "Baba Pacha, hili tumeshindwa, tusaidie." Hapo atamkalisha kando yake na kumwonyesha, na mambo yote yatarudi mahali pake.

Akangoja. Mlango haukufunguliwa. Simu yake ndiyo iliyotetema. Mwalimu alikuwa ameandika jukwaani: "Ndugu zangu, tarehe zinaharibika. Zahanati ya mdogo wangu imeathirika na nadhani si peke yake. Tafadhali kila mwenye mfano auweke hapa. Tusaidiane kuelewa kile kipande kigumu."

Ndugu zangu! Aliyasoma maneno hayo mara kadhaa. Kati yake na mkewe kulikuwa na ukuta mmoja, naye alikuwa ameuruka ukuta huo kwenda kuwaomba watu asiowajua. Baba Pacha akaifunga kompyuta. Wahangaike, akajisemea. Watakuja wenyewe.

*

Kesho yake kazini hakufanya kazi. Mashine za kiwanda zilinguruma chini yake, na yeye alikuwa amejibanza nyuma ya rafu za karatasi, akifuatilia jukwaa kama mtu anayechungulia harusi asiyoalikwa.

Walikuja kutoka kila upande. Wauguzi waliokuwa hawajawahi kuandika neno walileta mifano yao, wamefuta majina ya watoto. Kinyonga alipendekeza kitu, akakosea, akasema wazi kwamba amekosea na kwa nini, mwingine akaanzia hapo. Mwalimu, kati ya vipindi vyake, aliweka pamoja yaliyojulikana na yasiyojulikana, ili anayeingia asianze upya. Hakuna aliyemcheka mwenzake. Baba Pacha alisoma yote kwa roho nzito, na kila walipopotea njia alipata nafuu iliyomwaibisha.

Kisha shemeji yake, ambaye Kadi kwake ilikuwa chombo tu kama mzani wa watoto, akaandika: "Mimi si mtaalamu. Lakini kadi niliyoifungua asubuhi nikaifungua tena mchana, tarehe si ileile. Ni mimi tu?"

Hakuwa yeye tu. Wengine wakajaribu, wakaona hivyohivyo. Kinyonga akaandika kwa herufi kubwa: "INARUDIWA! Kila ukifungua inarudiwa!" Vicheko, pongezi, Mwalimu akimpongeza shemeji, shemeji akimpongeza Kinyonga. Baba Pacha akajisemea: Wamefika. Basi, watalirekebisha kosa kama ambavyo yeye angelirekebisha, na hesabu yake itabaki pale, yake.

Lakini shemeji hakuwa amemaliza. "Na swali lingine, samahani. Kwa nini Kadi inasogeza tarehe nyuma? Chanjo ikitolewa kabla ya wiki zake haihesabiki. Inatakiwa isogee mbele. Sisi siku zote tumekuwa tukiongeza siku kwa kichwa. Tulidhani ndivyo mlivyotaka."

Halafu muuguzi wa zahanati nyingine akaandika: "Nasi tulikuwa tunaongeza." Na mwingine. Na mwingine.

"Mbona hamkusema?" mtu akauliza.

"Tungemwuliza nani? Kipande hicho kila mtu alituambia ni cha Msingi."

Baba Pacha aliketi juu ya robota la karatasi. Kitu alichokifungia miaka yote, ambacho hakutaka mkono wa mtu ukiguse, kilikuwa na kosa tangu siku ya kwanza. Na wauguzi walilibeba kosa hilo vichwani mwao, kila siku ya kazi, kwa heshima yake.

*

Mkewe alirudi kutoka shuleni na madaftari yamemjaa mikononi. Alimkuta kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba. Jua lilikuwa bado halijazama, na pacha walikuwa wakigombania baiskeli uani.

"Kazi imekwisha," alisema. "Wameirekebisha, na zahanati kadhaa zimeijaribu. Inangoja funguo."

"Nimeona."

"Umeona tangu mchana."

"Nilikuwa naikagua."

"Ina kasoro?"

Alikuwa ameipekua kama mtu anayetafuta mwiba kwenye mnofu wa samaki, akiutamani mwiba wenyewe. "Haina."

"Sasa?"

"Kwa nini hukuniuliza mimi?" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, mpaka watoto wakageuka. Akaishusha. "Nilikuwa chumba cha pili, Mama Pacha. Umekwenda kuwauliza watu wa mbali. Kila mtu ameona kwamba mke wangu mwenyewe hana habari na mimi."

Mkewe aliyaweka madaftari chini. "Nilikuuliza. Nikiwa na mimba ya hawa, nimelazwa kitandani sina la kufanya, nilikuuliza Kadi inavyohesabu tarehe. Ukaniambia ni habari ndefu. Nikakuuliza walipoanza kutambaa, ukasema nisijichoshe. Nikakuuliza walipoanza shule. Unakumbuka ulivyonijibu? Ulicheka. Mambo mengine ya Kadi nilimwuliza Kinyonga asubuhi, mchana nikawa naelewa."

"Kinyonga! Kutwa Kinyonga. Ukimwandikia uso wako unakuwa mwingine."

"Unamwonea wivu mtu ambaye sijui hata sura yake?"

"Ana nini?"

"Ananijibu, Baba Pacha. Hana kingine. Ananijibu."

Uani, mtoto wa kiume alishinda vita ya baiskeli na wa kike akaanza kulia kwa hasira. Hakuna aliyekwenda kuamua.

"Nami nijibu moja," mkewe akasema. "Ulijua tangu lini?"

Angeweza kusema leo. Angeweza kusema mchana huu, pamoja na wengine, na hakuna ambaye angemkamata. Alimtazama mkewe, mikono yake yenye chaki kwenye kucha, akaona kwamba hata swali lenyewe limemgharimu kuliuliza.

"Tangu shemeji alipokuwa amekaa pale dirishani."

Mkewe alijifuta chaki mikononi.

"Nilikuwa nakungoja uje."

"Nikupigie magoti?"

"Si magoti. Uje tu."

"Mdogo wangu amelia stoo. Watoto wa watu wamerudishwa na surua ipo mtaani. Wewe umekaa na dawa mfukoni, unangoja nije." Aliyasema taratibu, kama anamfafanulia mwanafunzi asije akasahau. Akainama, akakusanya madaftari yake moja moja, akaingia ndani. Mlango hakuubamiza. Aliurudisha tu.

Baba Pacha alikwenda kuwaamua watoto. Kisha akaingia chumba cha kompyuta, akayakubali marekebisho, na Kadi mpya ikaanza kwenda kwenye zahanati. Baada ya hapo akafungua ukurasa wa funguo, akaandika jina la mkewe. Kompyuta ikamwuliza kama ana hakika. Alikaa akilitazama swali hilo kwa chuki, kisha akabonyeza ndiyo.

Ilibaki ile sura aliyoikataa. Aliirudisha. Akaanza kujaza nafasi ambazo mkewe aliziacha, moja baada ya nyingine, akieleza kila fumbo lake, hata yale aliyoyaweka kwa ajili ya kuringa tu, na pale tarehe iliposogezwa nyuma akaandika kwamba aliyekosea ni yeye na waliogundua ni wauguzi. Katika yote aliyoyaandika mkewe, alikuta neno moja tu la kusahihisha. Ilikuwa kama kuvua nguo hadharani, shati, kisha fulana. Alipotuma, Kinyonga ndiye aliyetangulia kujibu: "Ahsante sana, Msingi. Kumbe si kigumu hivyo."

Si kigumu hivyo! Alitamani amrukie kijana huyo kooni. Akaenda kuosha vyombo.

*

Kadi ilipona, lakini watoto walioondolewa kwenye orodha walibaki nje yake. Ilibidi wapatikane mmoja mmoja, kadi ya karatasi mkononi, na mama zao wapigiwe simu. Mama Pacha alijitolea kwenda zahanati kwa mdogo wake asubuhi ambayo shule haikuwepo. Tangu siku ile ya ngazini alikuwa akizungumza na mumewe habari za chakula na watoto tu.

"Naweza kuja?" Baba Pacha alimwuliza, mkewe akiwa anafunga kamba za viatu.

"Zahanati si yangu," akamjibu. Basi naye akaenda.

Chumba kilikuwa kidogo, kina harufu ya dawa ya kusafishia na maziwa ya watoto. Wauguzi walimzunguka Mwalimu pale mezani kabla hata hajaketi. Huyu ana swali la watoto waliohamia, yule anataka kujua afanyeje kwa mtoto asiyejulikana siku aliyozaliwa. Aliwajibu kwa zamu, akawaonyesha kwa kidole, akawaachia wabonyeze wenyewe. Walimpita Baba Pacha ukutani kama wanavyoupita mwavuli ulioegeshwa. Wivu ulimpanda, uleule, haukuwa umepungua hata kidogo. Alishangaa kuukuta bado mzima.

Shemeji yake alimwona, akamsalimu kwa kichwa, akamkabidhi simu ya zahanati na kadi ya juu kabisa. Hakumweleza ni ya nani, naye hakuuliza. Akapiga.

"Nani?" sauti ya mwanamke ikauliza.

"Napiga kutoka zahanati, mama. Ni habari ya chanjo ya mtoto wako."

"Nyinyi! Si mlinirudisha na jua lote lile? Nikawaambia mkishajua mnachotaka mniite."

"Ndiyo maana nakuita. Tarehe uliyopewa ilikuwa na makosa. Wauguzi hawakukosea. Niliyekosea ni mimi, mimi ndiye niliyeiandika."

Upande wa pili wa simu mtoto alikuwa akibwabwaja.

"Na safari hii una hakika?"

"Safari hii wameihesabu watu wengi."

Mama huyo aliguna, akasema atakuja, na kama atarudishwa tena watamtambua. Baba Pacha akaweka alama kwenye kadi. Muuguzi mmoja mgeni, aliyekuwa amesimama karibu akingoja zamu yake kwa Mwalimu, alikuwa amesikia maneno ya mwisho. Akamtazama juu mpaka chini.

"Samahani, kaka. Wewe ni nani hapa?"

Jina la Msingi lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Kule mezani mkewe alikuwa akiandika, ameinamisha kichwa, na kalamu yake ikasimama.

"Mimi ni mume wa Mwalimu," akasema.

"Aa!" uso wa muuguzi ukachanua. "Basi una bahati wewe." Akamgeuzia mgongo, akarudi kwenye foleni.

Kalamu mezani ikaendelea kuandika. Baba Pacha alichukua kadi iliyofuata, akasoma namba, akapiga.